Nani Alishika Swichi: Historia ya Ubishi wa Muziki, Kutoka Matembwe hadi Makambako

Kwenye gari la abiria linalotoka Njombe mjini kwenda Lupembe, ubishi wa muziki hauna nauli. Dereva ana flashi yenye nyimbo mia kadhaa. Kijana wa kiti cha nyuma anataka kitu kipya. Mzee aliyepakata boksi la vifaranga anasema siku hizi hakuna muziki, kuna kelele. Mama wa miaka arobaini na ushee anawaambia wote wawili wanyamaze, kwa sababu muziki ulikuwa enzi za Juma Nature na baada ya hapo watu wameanza kuimba puani. Ukishuka Matembwe wabishi watakuwa wengine, lakini makundi ni yaleyale matatu.

Mimi nimewasikiliza wabishi hawa kwa muda mrefu, na naamini kila mmoja anatetea kitu ambacho hakitaji. Anatetea chombo kilichomletea wimbo alipokuwa na miaka kumi na saba: redio ya mwalimu, kaseti ya kaka, au simu yake mwenyewe mfukoni. Nyuma ya kila chombo alikuwapo mtu aliyeshika swichi na kuamua kipi kisikike na kipi kisisikike. Kwa hiyo ni vigumu kusema enzi ipi ilikuwa bora kabla ya kujua swichi hiyo ilipita mikononi mwa nani.

Kabla ya redio: manamba na beni

Kwa nusu ya kwanza ya karne iliyopita, bidhaa kubwa iliyotoka Ubena, nchi ya Wabena hapa Njombe, ilikuwa watu. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji mikono, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyofika mpaka nyanda hizi za baridi. Mtu alipewa namba, akapanda lori, akamaliza mkataba wake, akarudi na blanketi na shati. Aliyebahatika alirudi na baiskeli. Karibu wote walirudi na ngoma za mjini.

Ngoma hizo zilikuwa na asili ya kambini. Beni ilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisambaza bara kupitia askari na wapagazi. Vyama vyake vikubwa, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, vyeo na mbwembwe. Upande wa Ziwa Nyasa, gwaride hilo lilizaa mganda, ambao Ludewa bado unachezwa.

Kanisa lilikuwa na muziki wake. Wamisionari wa Berlin, waliofika Ubena miaka ya 1890, walileta tenzi za sauti nne na matarumbeta, na hawakupenda ngoma za usiku. Huo ndio ubishi wa kwanza wa muziki ninaoufahamu katika milima hii, na ulikatwa kwa mamlaka: mwanafunzi wa misheni aliyekutwa ngomani alijua kitakachompata. Kwaya ilishinda, na ushindi wake haujafutika. Hata leo wabishi wakubwa wa Matembwe, wa dansi na wa Bongo Fleva, Jumapili husimama safu moja na kuimba besi.

Kule mkongeni, wakati huohuo, kulikuwa na jambo jipya. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwapo tangu miaka ya 1930, na Morogoro Jazz ikaanzishwa 1944. Santuri za Kuba ziliwafundisha wapiga gitaa rumba, na Salum Abdallah wa Morogoro akaipa bendi yake jina la Cuban Marimba bila kuona aibu. Manamba wa Kibena aliyekuwa Kilosa alikuwa karibu zaidi na muziki huo kuliko makarani wengi wa Dar.

Redio moja, 1951 hadi 1977

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilianzisha Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na 1965, chini ya serikali huru, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kwa karibu miaka thelathini iliyofuata, mtu wa Matembwe aliyefungua redio alikuwa anafungua hiyo.

Kufungua kwenyewe kulikuwa tukio. Redio ilikuwa ya mwalimu, ya katekista au ya mwenye duka. Betri zilipochoka zilianikwa juani juu ya bati ili zipate uhai wa jioni moja zaidi. Saa ya salamu na nyimbo ilipofika, watoto walikaa chini, wazee kwenye vigoda, na aliyeongea alifukuzwa. Mzee wa leo akisema muziki wa zamani ulikuwa na ujumbe, sehemu ya ujumbe huo ni ule ukimya wa kijiji kizima.

Watetezi wa zilipendwa husahau jambo moja. Muziki wanaouita wa heshima ulianza maisha ya uhuru ukiwa mshukiwa. Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuwa Rais, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba ukoloni uliwafundisha Waafrika rumba na chachacha na kuwafanya waone haya ngoma za kwao. Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana iliundwa kuponya jeraha hilo. Kwa hiyo dansi, gitaa, tai na viatu vya ncha vilikuwa ndiyo "muziki wa vijana walioharibika" wa wakati ule.

Mshukiwa akaokolewa na mshukiwa mwingine. Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Dar es Salaam ulipiga marufuku muziki wa soul, katika msimu uleule wa kampeni dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana. Pembeni ya James Brown, rumba ya Kiswahili ilianza kuonekana ya nyumbani kabisa. Miaka ya 1970 RTD ikabana muziki wa nje na kuzipa nafasi bendi za hapa. Dansi ikavikwa joho la utamaduni wa taifa, na waliokuwa wahuni juzi wakaitwa wasanii wazalendo.

Bendi zilikuja studio za Barabara ya Pugu, wapigaji wakapiga wote kwa pamoja mbele ya maikrofoni, na tepu ikabaki kwa redio. Malipo yalikuwa madogo au hayakuwapo. Santuri zilichapwa zaidi Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa 1977 wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, njia hiyo nayo ikawa nyembamba. Hivyo tepu za RTD ndizo zilizobeba karibu kila tunachokiita zilipendwa. Bendi iliyokosa nafasi studio, hata iwe kali namna gani, leo haina mtetezi kwenye gari la Lupembe.

Bendi za mashirika na njia panda ya Makambako

Ili kuwaelewa wazee, lazima kukumbuka kwamba mwanamuziki wao alikuwa mfanyakazi. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi na wapigaji wake walilipwa mshahara. Jina lilibadilika kufuata jina la chama, JUWATA kisha OTTU, ila mtindo wake, Msondo, ukabaki. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa TANU. Polisi na JKT walikuwa na bendi zao. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, kwanza chini ya shirika la usafiri na teksi, baadaye chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ikiwa na akina Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Rehani Bitchuka, Cosmas Chidumule na mwalimu wao Michael Enoch. Mtindo wao ukaitwa Sikinde.

Mwajiri alinunua magitaa na kulipa mishahara, kwa hiyo bendi ilifanya mazoezi asubuhi kama watu wanavyokwenda ofisini. Mpangilio ule wa magitaa matatu yanayosukana, na tarumbeta zinazoingia pale mwimbaji anapomaliza pumzi, ni tunda la saa za kazi zilizolipiwa. Kipaji kilikuwapo, lakini kipaji kilichopewa muda.

Ubishi wa wakati ule ulikwenda kwa upana, hakuna aliyeuliza umri wa mtu. Baba na mwana wangeweza kuwa Msondo wote wawili na kumcheka jirani wa Sikinde, kama ilivyo Simba na Yanga. Wengine walikuwa wa bendi ya Maquis, wengine wa mwimbaji Marijani Rajab. Na wengi walikuwa wa Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, akaondoka kuunda Super Volcano 1973, na kufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Salum Abdallah naye alikufa kwa ajali ya gari, mwaka 1965. Kifo cha mapema kinamlinda mwanamuziki: hakuna aliyewahi kumsikia Mbaraka akichoka.

Nyanda hizi hazikuwa wasikilizaji tu. Mpaka mwaka 2012 Njombe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa, na miaka ya 1980 Iringa mjini ilikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi. Ndani yake waliimba mapacha kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Kiwanda cha almasi kulea bendi ya rumba katikati ya mashamba ya mahindi ni jambo ambalo leo lingehitaji maelezo marefu kwa mkaguzi wa hesabu. Kwa kijana wa Makambako wa wakati huo, ilikuwa fahari ya mkoa.

Makambako yenyewe ilikuzwa na njia. Barabara ya kwenda Zambia iliwekwa lami, reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa rasmi 1976, na miaka ya 1980 lami ya kwenda Songea ikachepukia hapohapo. Madereva walilala, baa zikafunguliwa, na wenye baa walihitaji muziki wa kuzuia wateja wasiondoke. Nyimbo za Kongo na Zambia zilifika zikitokea Tunduma bila kupita Barabara ya Pugu. Hapo ndipo swichi ya RTD ilipoanza kulegea.

Matembwe nako, kwa msaada wa shirika la Kiitalia la CEFA, mtambo mdogo wa umeme wa maji ulijengwa miaka hiyohiyo ya 1980. Vijiji vingi vya Tanzania vilisubiri taa miaka thelathini zaidi. Umeme ule ulikusudiwa kwa mashine na maendeleo, lakini waya ukishafika nyumbani, redio kaseti haikai mbali.

Kaseti na soksi, 1986 hadi 1993

Mwaka 1986 serikali ya Rais Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na milango ya biashara ikafunguliwa. Ziliingia nguo za mitumba, sabuni za kunukia na redio kaseti. Ukiwa na redio mbili na waya mmoja, unanakili kanda. Vibanda vya kunakili vikaota kila stendi, jina la wimbo likaandikwa kwa kalamu ya wino, na kanda iliyojikunja ikarudishwa kwa kuzungushwa na kalamu hiyohiyo.

Mabadiliko yalikuwa makubwa kuliko yalivyoonekana. Kwa mara ya kwanza kijana aliweza kusikiliza muziki ambao baba yake hakuuchagua, mahali ambapo baba yake hayupo. Pepe Kalle na Kanda Bongo Man walisikika kwenye vilabu vya ulanzi. Upande wa pili, mashirika ya umma yaliishiwa pumzi. Yalipouzwa au kufungwa, bendi zao zilibaki na magitaa mabovu na wapigaji wasio na mshahara. Wazee husema vijana waliua dansi. Yaliyoiua kwa sehemu kubwa ni mahesabu.

Wimbo unaoonyesha kipindi hiki vizuri zaidi ni wa Remmy Ongala. Mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyefika Dar mwaka 1978 na kuongoza Super Matimila, Remmy alitunga Mambo kwa Soksi, wito wa wazi wa kutumia kondomu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wamegundulika Kagera mwaka 1983. RTD ilikataa kuupiga wimbo huo. Wimbo ukaenda kwa kanda na kumbi, kwa wale walioweza kununua kanda au kuingia ukumbini.

Hapa ndipo ninapoishiwa uvumilivu na wazee wanaosema redio ya zamani ilichuja vizuri. Utafiti wa mwaka 2011 na 2012 ulikuta Njombe inaongoza kitaifa kwa maambukizi ya VVU, asilimia 14.8 ya watu wazima, na ule wa 2016 na 2017 ukaikuta bado iko juu, asilimia 11.4. Barabara ya malori, vibarua wanaohama na wasichana wanaokwenda kazi za ndani mijini vyote vina sehemu yao. Sisemi wimbo mmoja ungezuia hayo. Nasema mchujo ule uliotupa nyimbo zenye adabu ulizuia pia wimbo ambao watu wa njia panda waliuhitaji zaidi ya Zuwena, wimbo wa mapenzi wa Marijani Rajab.

Vijana na kompyuta, 1994 hadi 2008

Sheria ya utangazaji ya 1993 ilivunja ukiritimba. Mwaka 1994 Radio One ikaanza, zikafuata nyingine, na watangazaji vijana wakahitaji kitu cha kupiga. Kilikuwapo: watoto wa mjini waliokuwa wakirap Kiswahili tangu mwanzo wa muongo. Saleh J aliigeuza rap ya Kimarekani kuwa ya Kiswahili, Kwanza Unit wakaja kama kundi, na Mike Mhagama wa Radio One anatajwa kuwa ndiye aliyeeneza jina Bongo Fleva katikati ya miaka ya 1990.

Jibu la wazee lilikuwa neno moja: uhuni. Ni lilelile lililotumika kwa soul, na kabla yake kwa dansi.

Sababu ya ushindi wa vijana ilikuwa na upande wa fedha. Bendi ya watu kumi na wawili inakula, inalala na inahitaji gari. Bongo Fleva ilihitaji kijana mmoja, kompyuta moja na mtayarishaji mwenye masikio: P-Funk Majani, Master J, au Mika Mwamba, Mfini aliyeijua Dar kuliko wenyeji wengine. Studio ikawa bendi. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa Machozi, Jasho na Damu, yenye Ndio Mzee, dhihaka ya mgombea anayeahidi kila kitu, na nchi nzima ikacheka, wabunge wakiwemo. Lady Jaydee akaonyesha kwamba sauti ya kike haihitaji kusimama nyuma ya bendi. Nyanda za juu tulijidai na Mr. II, Joseph Mbilinyi, ambaye watu wa Mbeya walimpa ubunge 2010. Professor Jay akaingia bungeni kwa Mikumi 2015. Wahuni, kwa mara nyingine, wakavaa suti.

Mwaka 2004 Ferooz, akimshirikisha Professor Jay, alitoa Starehe, simulizi la mtu anayekufa kwa UKIMWI baada ya kutapanya maisha. Redio zilizokuwa zikishindana ziliupiga asubuhi, mchana na usiku. Mpaka mabonde ya Lupembe, ambako FM ya Dar haikufika vizuri na kanda ililetwa na kondakta, watoto wa shule walijua mistari yake. Ujumbe ambao swichi moja iliuzuia, swichi nyingi ziliupitisha. Mama wa miaka arobaini na ushee anapotetea enzi yake, nadhani ana hoja hapa kuliko mwenyewe anavyojua.

Simu mia, tangu 2009

Kilichofuata kilikwenda haraka. Vibanda vya kanda viligeuka vibanda vya kurusha nyimbo kwenye memori kadi, kisha memori kadi nazo zikapitwa na YouTube. Diamond Platnumz, aliyesikika na Kamwambie karibu na 2010, alitengeneza toleo la Number One na Davido wa Nigeria kati ya 2013 na 2014, na kuanzia hapo kipimo cha mafanikio kikawa idadi ya watazamaji. Lebo yake ya Wasafi iliwalea Harmonize na Rayvanny, huyu wa pili kijana wa Mbeya aliyepata tuzo ya BET 2017. Mwaka huohuo kundi zima la lebo likatoa wimbo ulioitwa Zilipendwa, likiwatania wazee na kuwaazima jina wakati mmoja. Kutoka uswahilini Dar ikaja singeli, yenye mwendo ambao mtu aliyezoea Sikinde anadhani ni kanda inayokimbia.

Serikali ilijaribu swichi yake ya zamani. Mwaka 2018 nyimbo kadhaa zilifungiwa, ukiwemo Mwanza wa Rayvanny na Diamond. Lakini wimbo uliofungiwa redioni ulikuwa tayari kwenye simu ya mtu anayechuma chai.

Na simu imeleta hali isiyokuwapo kabla. Ndani ya nyumba moja Matembwe, baba anasikiliza Tancut aliyoipata mtandaoni, mama injili, binti Zuchu, na mdogo wake amapiano ya Afrika Kusini, hakuna anayemsikia mwenzake. Kijana wa leo akiambiwa ataje wimbo ambao kila mtu wa rika lake anaujua, anafikiri kwanza. Mwenzake wa 1980 na yule wa 2004 wangejibu papo hapo.

Wakati huohuo, waliokuwa darasa la saba Ndio Mzee ilipotoka sasa ndio wenye baa Makambako. Usiku wa nyimbo za zamani kwenye baa hizo umejaa Juma Nature na Daz Nundaz, na ukiwauliza wenye baa kuhusu singeli watakwambia ni kelele, kwa sauti ileile waliyoambiwa wao. Msondo na Sikinde bado wanapiga Dar.

Kamati za harusi zimelimaliza suala hili kwa ratiba. Zilipendwa zinapigwa mapema, wakati wa chakula, kwa sababu wazee ndio waliochangia zaidi. Bongo Fleva inafuata zawadi zikitolewa. Singeli inasubiri wazee waage. Mzee anayetaka kumsikia Marijani Rajab baada ya saa sita usiku itabidi amfuate DJ mwenyewe, na mara nyingi DJ huyo alizaliwa baada ya 1995, Marijani akiwa ameshazikwa. Atautafuta wimbo kwenye simu yake, ataupata kwa sekunde chache, na atauliza kama ndiyo huo.